Mwaka Tuliorudi kwenye Kandili

Kwetu Moroni mwanamume hana nyumba. Anaweza kuijenga kwa mikono yake, akabeba mawe meusi kichwani na kuchoma chokaa mpaka macho yakamwiva, lakini siku ya mwisho ufunguo hukabidhiwa dada yake au binti yake, na yeye huenda kuishi katika nyumba ya mke. Ndivyo ilivyo tangu kabla ya bibi wa bibi yangu. Nyumba yetu ya mtaa wa Magoudjou, yenye vyumba vitatu na ua usioota kitu ila mpapai mmoja, ilitoka kwa mama yake Bibi, ikaja kwa Bibi, ikaja kwa Mama, na itakuwa yangu. Baba aliingia humo na sanduku moja. Siku ambayo mume anatoka, huondoka na alichokileta, wala hapana wa kumzuia.

Nayasema haya mwanzo kwa sababu asiyeyajua atadhani nasimulia habari ya bei ya mafuta ya taa. Na kweli, kwa muda mrefu, sisi wenyewe nyumbani tulidhani ni habari ya bei ya mafuta ya taa.

Baba hakuwa Mngazija. Alitoka Mutsamudu, mji wa kisiwa cha pili, akaletwa Moroni na kazi yake ya ukarani serikalini. Alimwoa Mama kwa ndoa ndogo, ya kadhi na kahawa na halua. Hakufanya ile harusi kubwa tunayoiita ada, hakuchinja ng'ombe, hakumvika mke dhahabu mbele ya mji mzima. Kwa hiyo hata kwenye bangwe, uwanja ambao wanaume hukaa jioni kila mtu mahali pa cheo chake, yeye na ndevu zake alikaa upande wa vijana. Mtu asiyetoa ada hakui. Anaweza kuzeeka, lakini hakui.

Alichokileta Baba ni umeme. Nilikuwa mdogo, nimeanza chuo cha Kurani karibuni, lakini siku ile naikumbuka kwa harufu yake: vumbi la ukuta uliotobolewa na jasho la mafundi. Walivuta waya kutoka kwenye nguzo ya njia kubwa, wakaupitisha juu ya paa za jirani wawili walioombwa ruhusa kwa sahani za wali, wakauingiza kwetu. Alikuwa ameweka akiba miaka, kidogo kidogo, bila kumwambia mtu. Jioni alitusimamisha sote sebuleni, akabonyeza swichi, na sisi tukaona kwa mara ya kwanza jinsi kuta zetu zilivyokuwa chafu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alianza kupaka chokaa.

Mtaani hawakumwacha. Mjomba mmoja wa Mama alipita barazani akasema, "Wenzako walileta ng'ombe, wewe umeleta waya. Ng'ombe tungemla. Waya tuufanyeje?"

"Waya hauishi siku moja, mjomba," Baba akamjibu. "Ng'ombe wenu mlishamaliza kumla, mmebaki na mfupa."

Wakamwita mume wa nguzo, na yeye akalipenda jina hilo. Nadhani alilipenda kwa sababu lilikuwa la kwanza kumpa mahali. Alikuwa na kitu ndani ya nyumba ambacho hakuna mwanamke wa ukoo wetu aliyekirithi. Ankara ilikuja kwa jina lake. Msoma mita alipobisha hodi, hakumuuliza Mama. Aliuliza, "Mwenye umeme yupo?"

Nyumba yetu ilikuwa na lugha tatu. Mama alisema Kingazija na jirani, Baba alisema Kinzwani na watu wa kwao walipopita, na wote wawili walisema Kiswahili mbele ya Bibi, kwa sababu Bibi alizaliwa na kukulia Unguja na alikuja Moroni, kwenye nyumba ya mama yake, baada ya mapinduzi ya kule, akiwa na binti yake na mabunda mawili ya nguo. Bibi na Baba, kama desturi inavyotaka kwa mwanamke na mkwewe, hawakuangaliana usoni. Alikaa nyuma ya pazia la mlango wa chumba chake na kuzungumza naye kupitia kwangu, ingawa alikuwa akisikia kila neno.

"Mwambie baba yako chai itapoa."

"Baba, Bibi anasema chai itapoa."

"Mwambie bibi yako nimesikia, na nashukuru."

"Bibi, Baba anasema…"

"Nimesikia. Mwambie sukari iko chini, akoroge."

Hivyo ndivyo walivyopendana, miaka na miaka, kupitia mdomo wa mtoto.

Uhuru ulipokuja tulishangilia kama wengine. Kisha Wafaransa wakakusanya vitu vyao wakaondoka, na umeme ukawa wa kubahatisha, unakuja kama mgeni asiyeaga anapotoka. Kisha akaja rais aliyetaka kuanza nchi upya kutoka sifuri, na wanafunzi wa shule wakapewa ofisi. Ada ikapigwa marufuku. Mashungi yakavuliwa. Baba, ambaye hakuwahi kutoa ada, alikaa kimya juu ya hilo. Lakini mjomba yule wa ng'ombe alipolalamika barazani, alimwambia taratibu, "Pole, mjomba. Sasa sote ni vijana."

Na siku moja wafanyakazi wa serikali waliambiwa waende nyumbani. Wote. Mafaili yalichomwa, na Baba alirudi adhuhuri akinuka moshi wa karatasi. Alivua koti, akalitundika, akasimama katikati ya sebule kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Saa ile ya mchana nyumba ilikuwa ya wanawake. Mama alikuwa na kitambaa kifuani, jirani wawili walikuwa ukumbini wakisukana, na Bibi alikuwa amelala sebuleni bila pazia. Sote tulikurupuka. Yeye ndiye aliyeomba radhi.

"Mapinduzi mengine haya," Bibi alisema kutoka chumbani, safari hii bila kumtuma mtu. "Nilidhani nimeyaacha Unguja. Kumbe yalipanda meli pamoja nami."

Mwanamume wa Moroni asiye na kazi huenda bangweni. Baba hakwenda. Kukaa na vijana jioni, baada ya kazi, akiwa amevaa koti, lilikuwa jambo moja. Kukaa nao asubuhi lilikuwa jingine. Alibaki nyumbani, na akatafuta la kufanya, na akalipata kwenye umeme.

Ili kupunguza ankara, aliondoa balbu zote isipokuwa moja. Hiyo moja akawa anaihamisha. Magharibi ilikuwa sebuleni, kwa ajili ya masomo yangu. Baadaye jikoni, Mama alipokanda unga wa kesho. Kisha chumbani kwa Bibi, ili asome kabla ya kulala. Ilikuwa ya moto, hivyo aliishika kwa kitambaa, akaifungua polepole huku akiipuliza, akaibeba gizani mbele yake kama yai. Hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa. Mama aliogopa umeme kuliko nyoka.

"Baba, jikoni," tulikuwa tunaita.

"Naja."

"Mwambie baba yako macho yangu yamechoka, anaweza kuichukua."

"Mwambie bibi yako asiharakishe, amalize sura yake."

Alitembea vyumba vyote vitatu kila jioni, na kila chumba kilimngoja. Sijamwona mtu mwenye kazi ndogo kama ile akiifanya kwa heshima kama ile. Hata nguo alibadili, alasiri, kabla ya kuanza.

Mama ndiye aliyekuwa akitulisha. Alioka mkate wa sinia akauuza mlangoni asubuhi, na watu walinunua kwa sababu ulikuwa laini na kwa sababu walimhurumia. Ankara ilipokuja Baba aliichukua, akaikunja, akaiweka mfukoni, na baada ya siku kadhaa ilikuwa imelipwa. Mama hakuuliza. Mimi nilidhani serikali ilikuwa ikimpa kitu.

Siku moja nilitelemka na Mama bandarini kuulizia unga. Pale Moroni meli kubwa hazikaribii. Husimama mbali, na mizigo huletwa kwa mashua hadi kwenye ngazi za mawe, na watu huibeba mgongoni. Mama alisimama ghafla, akanivuta nyuma ya ukuta. Sikuona kitu ila wanaume wenye magunia, weupe wa unga toka kichwani hadi miguuni, hawatambulikani. "Twende," akasema. "Unga hakuna." Lakini unga ulikuwa ukipita mbele ya macho yetu.

Jioni hiyo Baba alihamisha balbu kama kawaida. Alipoinua mkono wa kulia kuifungua, aliubadilisha kwa wa kushoto. Mama alikuwa akimtazama bega.

Siku ya pili yake ndipo alipoanza kupima.

Mama hakusoma shule, lakini alikuwa mtu wa vipimo. Alijua unga kwa kiganja na moto kwa uso. Alichukua chupa ya mafuta ya taa, akaifunga uzi mwekundu pale mafuta yalipofika, akatangaza kwamba wiki hiyo tungetumia kandili tu, wiki inayofuata balbu tu, na mwisho tungejua.

"Tujue nini?" Baba aliuliza.

"Kipi kinakula zaidi."

Baba alilichukua kama mchezo, au alijifanya hivyo. Alikuwa mtu wa hesabu na alijua kutetea. Wakati wa chakula alisimama upande wa umeme kama wakili.

"Umehesabu kioo cha kandili? Kikivunjika utakitoa wapi, na bandarini hakuna?"

"Nimehesabu. Sitakivunja."

"Na moshi? Chokaa ya kuta hizi ulipaka mwenyewe."

"Nitapaka tena."

"Na macho ya mtoto?"

"Mtoto anasoma mchana. Shule yenyewe imefungwa."

Bibi akaingilia kutoka nyuma ya pazia. "Mwambie baba yako kwamba hata mafuta ya nazi yanawaka. Unguja tulitia maji ndani ya bilauri, mafuta juu, utambi wa pamba. Tulisoma, tulishona, na tulizaa."

"Mwambie bibi yako simbishii. Lakini atupe hadithi ya waliojichoma pia."

Tulicheka, hata Mama. Baba akaleta wazo la betri. Kulikuwa na lori bovu karibu na njia ya soko, na fundi mmoja aliyekubali kumpa betri yake. Angeichaji kwa fundi huyo, angefunga taa ndogo ya gari sebuleni, tusingelipa ofisi yoyote. Aliileta nyumbani kwa toroli. Taa iliwaka jioni moja vizuri kabisa, ya njano, kama jicho la paka. Jioni ya pili ilikuwa nyekundu. Ya tatu Baba alikaa mbele yake akiigongagonga kwa kidole, nayo ikazimika akiwa anaitazama. Alisema ni betri iliyochoka, siyo wazo. Mama akaweka nguo ya kufutia miguu juu yake.

Wiki ya balbu ilipokwisha Mama alitandika mkeka, akatuweka tumzunguke. Alizungumza polepole. Alionyesha uzi kwenye chupa, na pale mafuta yalipofika. Alisema balbu ni moja tu, na nusu ya jioni umeme wenyewe haupo, na mita inadai hata siku ya giza, kwa sababu kuna malipo ya kuwa nao tu, uwake usiwake. Kandili halidai kitu likizimwa. Alikuwa amefikiri yote. Mpaka leo siwezi kuona kosa kwenye hesabu yake.

"Kandili limeshinda," alisema, na uso wake ulikuwa na furaha, furaha ya mtu aliyemtua mwenziwe mzigo. "Hatuhitaji umeme huu. Tuufunge. Usisumbuke tena."

Baba alitazama chupa. Aliichukua, akaigeuza kidogo upande wa mwanga, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka ndani.

"Hamuuhitaji," alisema.

"Hatuuhitaji."

"Sawa, mama watoto. Hesabu ni yako."

Nyuma ya pazia Bibi alikohoa. Hakunituma kusema kitu. Nadhani yeye peke yake ndiye aliyekuwa amesikia kilichosemwa.

Baba alikwenda mwenyewe ofisi ya umeme kuufunga. Mafundi walikuja asubuhi, vijana wawili na ngazi, wakakata waya kwenye nguzo ukaanguka juu ya paa la jirani. Baba aliukusanya wote, paa hadi paa, akiomba radhi kwa kila nyumba, akaufunga kama kamba ya mashua na kuuweka uani. Kisha akafungua balbu. Ilikuwa baridi, na bado aliishika kwa kitambaa.

Kandili ni taa nzuri. Sitaki mtu adhani nalisema vibaya. Mwanga wake unakaribisha watu, na Mama alilisafisha kila alasiri kwa majivu mpaka kioo kikang'aa. Lakini kandili mtu yeyote analibeba. Nililibeba mimi. Bibi alilibeba. Hakuna aliyeita, "Baba, jikoni." Magharibi ilipofika Baba alibadili nguo kama alivyozoea, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono mapajani, akatutazama tukipita na mwanga mbele yake kutoka chumba hadi chumba. Bandarini hakwenda tena. Bega lilipona. Mama alifurahi kwa ajili ya bega.

Baada ya muda alisema anakwenda Mutsamudu kumwona dada yake, siku chache. Mama alimfungia mkate wa sinia kwenye kitambaa. Alitoka na sanduku. Mama aliliona sanduku, na aliniambia baadaye kwamba alijiuliza, siku chache na sanduku? Lakini mume haulizwi mbele ya watoto. Bibi, nyuma ya pazia, alisema kwa sauti, moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, "Safari njema, mwanangu." Baba akasimama. Akajibu kwa kuinamisha kichwa upande wa pazia, kana kwamba linaona.

Mwezi ulipita, ukapita wa pili. Watu wa mashua walituletea salamu, na salamu zilikuwa nzuri, na ndani yake hapakuwa na siku ya kurudi. Bibi akakunja pazia na kulifunga juu ya mlango, maana hapakuwa na wa kumstahi. Siku hiyo Mama alilia.

"Nilimwona bandarini," alimwambia Bibi, mimi nikiwa palepale nikipepeta mchele. "Anabeba magunia, mtu wa kalamu. Nilisema nitafute njia asiwe na sababu ya kubeba. Bila kumwaibisha. Nilihesabu kila kitu, mama."

"Ulihesabu mafuta," Bibi alisema, akamshika mkono. "Mwanangu, yule alikuwa na nini humu ndani?"

Mama aligeuka akatazama tundu la ukutani pale waya ulipokuwa ukiingia.

Tangu siku ile alioka mara mbili, alfajiri na alasiri. Alisema anataka umeme urudi. Bibi hakumuuliza kama kandili limeshindwa. Fedha ilipotimia nilikwenda na Mama ofisini. Nyuma ya meza alikaa kijana niliyemjua kwa sura, wa darasa la mbele yangu shuleni. Sasa yeye ndiye aliyekuwa ofisi.

"Nyumba ya nani, mama?"

"Yangu. Lakini andika jina la mume wangu. Umeme ni wake."

"Mume yuko wapi?"

"Safarini."

"Basi hayupo. Siwezi kumwandika asiyekuwepo." Akatabasamu, tena kwa wema kabisa. "Na kwa nini unataka lake? Mambo hayo yamekwisha. Wewe ni mwananchi, nyumba ni yako, umeme ni wako. Jivunie."

"Mwanangu," Mama alisema, "mimi sitaki kujivunia. Andika lake, nami nitakuletea mkate kila asubuhi."

Kijana akacheka, akadhani ni mzaha, akaandika la Mama.

Taa ilipowaka Mama hakucheka wala hakukaa chini. Aliizima haraka, akaniambia nijiandae. Jirani mmoja mfanyabiashara alikuwa anapanda meli ya mizigo kwenda Mutsamudu kuuza vitambaa, na mimi ningefuatana naye. "Mwambie taa inawaka," Mama alinifundisha. "Mwambie tunamngoja. Usiseme zaidi."

Mutsamudu ni mji wa vichochoro, nyumba zimeegemeana mpaka juu mbingu ni utepe. Shangazi yangu alikaa karibu na msikiti, katika nyumba ya mama yao, na Baba alikuwa kwenye chumba cha mbele, kile kinachopewa wageni na ndugu waliorudi. Nilimkuta ameketi kizingitini akimwandikia mtu barua, kazi aliyokuwa akiifanya kwa chochote anachopewa. Alikuwa amekonda. Aliponiona aliweka kalamu chini polepole, akanishika uso kwa mikono miwili.

Shangazi alitupikia ndizi mbichi na samaki, akatutania kwa lafudhi yao. "Mbona mwanao anasema kama mtu wa Unguja? Moroni mmemfanyia nini?"

"Bibi yake huyo," Baba akasema. "Hajambo bibi yako?"

"Hajambo. Amekunja pazia."

Akanitazama, akaelewa, akaacha kula.

Baadaye tulibaki wawili. Nilimwambia nilichotumwa. Taa inawaka, Baba. Tunakungoja.

"Inawaka?" Uso wake uliamka. "Balbu ngapi?"

"Moja. Mama anaihamisha."

"Mama yako? Anaigusa?"

"Anafunga macho, lakini anaigusa."

Akacheka, kicheko chake cha zamani, akapiga goti. Nikadhani nimemleta. Kisha kicheko kikapungua, kama taa ile ya betri, na nikaona akifikiri.

"Waliandika jina la nani?"

Niliokota kalamu yake, nikaigeuzageuza.

"Niambie tu, binti yangu."

"Mama aliomba waandike lako. Aliomba sana. Walisema hupo."

"Najua angeomba," alisema. "Mama yako ni mtu mwema kuliko nilivyostahili." Alikunja barua ya yule mtu, akaikunjua. "Na walisema kweli. Sikuwepo."

"Rudi basi, uwepo."

"Nirudi kama nani?"

Nilikuwa mtoto, nikamwambia vitu vya mtoto. Kwamba kiti chake kiko palepale, kwamba Bibi alimwita "mwanangu", kwamba Mama anaoka mara mbili kwa siku. Alisikiliza kila kimoja kwa makini. Niliposema Mama anaoka mara mbili, alifumba macho.

"Mkono wake mmoja unalisha watu watatu na kuwasha taa," alisema. "Nikirudi atalisha wanne. Sitakuwa na hata taa ya kusema nimeileta mimi. Siwezi, binti yangu. Nimejaribu kulifikiria hilo kila njia, siwezi."

Asubuhi alinisindikiza hadi kwenye meli. Njia nzima alinipa maagizo kwa ajili ya Mama, na yote yalikuwa ya umeme. Asishike swichi na mikono yenye maji. Asifungue balbu kabla haijapoa. Akisikia waya unalia ukutani amwite fundi, asiguse. Asimame juu ya kipande cha mbao, siyo sakafuni. Alinirudisha nyuma mara kadhaa nimsomee yote, kama sura ya Kurani, mpaka nikayashika. Jingine hakusema. Wala lawama, wala salamu ya mapenzi.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa mlangoni, mikono ina unga. Aliangalia nyuma yangu, njia nzima, mpaka njia ilipopinda. Nilimsomea maagizo. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Na kingine?"

"Ni hayo, Mama."

Alikwenda uani akatafuta kipande cha mbao.

Serikali ile ilianguka baadaye, na wakubwa wengine wakaja, na makarani wengi wakaitwa warudi. Baba aliitwa. Aliomba apangiwe Mutsamudu. Tulisikia hivyo kwa watu, na Mama akasema ni vizuri, hewa ya kule inamfaa.

Talaka aliileta mjomba yule wa ng'ombe pamoja na mzee mmoja wa Mutsamudu aliyesafiri kwa ajili hiyo. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, jua bado kali. Walikaa barazani, wakakunywa maji, wakasifu mpapai. Mama alisimama ndani ya mlango, amejifunika, nami nyuma yake. Yule mzee alisema aliyotumwa, kwa maneno laini: kwamba hakuna ubaya, kwamba mume anaomba radhi na anatoa radhi, kwamba vyote vilivyo ndani ya nyumba ni vya nyumba, hata waya wa umeme. Hadai kitu.

Mama alivuta nguo aliyojifunika, akasogea kizingitini.

"Anakaa wapi?" aliuliza.

"Kwa dada yake, mama."

"Chumba cha mbele?"

"Cha mbele."

"Nilikiona nilipokuwa bibi harusi," Mama alisema. "Hakina dirisha. Mchana wenyewe ni giza mle. Na yeye anaandika."

Mzee alikuwa amejiandaa kwa machozi, au kwa matusi, siyo kwa hili. Akajikuna ndevu.

"Ana kandili, mama," alisema. "Usiwe na wasiwasi. Kandili analo."